Jembe Hewani: Mwili na Maumbile katika Ngoma za Bariadi

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, nasi twairudia methali hiyo mara kwa mara pasipo kuuliza mtunzaji ni nani. Kwa kawaida twadhani ni jamaa za mchezaji: mjomba atoaye shilingi, shangazi apigaye vigelegele, jirani aitikiaye wimbo kwa kuwa aujua tangu utoto. Fikira hiyo ni sawa, lakini haitoshi. Katika ngoma za Wasukuma wa upande wa mashariki, yaani katika nchi ya Bariadi na mkoa wote wa Simiyu, mchezaji hutunzwa au hunyimwa na kitu kingine zaidi ya watu. Hutunzwa au hunyimwa na udongo aupigao, na jua limchomalo, na mnyama aliye mkononi mwake. Nataka kuonyesha katika makala haya kwamba maumbile hayo si pambo la ngoma, wala si maudhui yake tu. Ni mshiriki kamili, tena mshiriki mwenye uhuru wa kukataa. Ikiwa maneno hayo ni kweli, basi tunayo kazi ya kuzipima upya ngoma zetu, hasa zile tuzipelekazo jukwaani.

Nadhani wahakiki wenzangu watakubali kwamba tumekuwa na upungufu katika jambo hili. Tangu fasihi simulizi iingie katika mafunzo ya vyuo vyetu, tumezoea kuandika maneno ya wimbo, kuyatafsiri, kuyapanga katika beti, kisha kuyatafutia dhamira na mafumbo. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao cha mwaka 1976 juu ya fasihi na sanaa za maonyesho, walikwisha kuihesabu ngoma miongoni mwa sanaa za maonyesho. Hata hivyo wengi wetu tumebaki na karatasi na kalamu tukisikiliza maneno. Mguu ulioyabeba maneno hayo hatukuuandika, wala ardhi iliyoubeba mguu. Tumefanana na mtu aliyealikwa karamuni akarudi kwake na hesabu ya sahani, bila habari ya chakula.

Tuanze basi na ardhi. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Ndani yake zimo wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Upande wa magharibi Busega inagusa Ziwa Viktoria. Upande wa mashariki nchi inapakana na nyika za Serengeti, na pori la akiba la Maswa limo humo humo. Kati ya ziwa na nyika ndipo wakaapo wakulima wa pamba na mahindi, mtama na viazi, watu wenye ng'ombe wengi na mvua isiyoaminika. Mvua huanza karibu na mwezi wa Novemba na kwisha karibu na Mei. Baada ya hapo nchi hukauka. Wasukuma wameipa kila aina ya udongo jina lake. Luseni ni mchanga mwepesi wa miinukoni. Itogolo ni ardhi ngumu inayolainika kwa tabu. Mbuga ni ule udongo mweusi wa mabondeni ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa masika. Namwomba msomaji asiyapite majina haya kama kwamba ni habari za jiografia tu. Kwa mtu achezaye na jembe, ni habari za mwenzake wa kucheza.

Ngoma ya jembe ni bugobogobo. Jina hili limeenea sasa katika Tanzania nzima, kwa kuwa shule nyingi na vikundi vingi vya ngoma huicheza. Lakini kwanza ilikuwa ngoma ya kazi. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kulima, chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, na mtu mwenye shamba kubwa aliweza kuwaita wamlimie kwa malipo ya chakula, au pombe, au mnyama, au fedha. Pamba ilipozidi kupandwa katika Usukuma, hasa katika miaka ya 1950, mashamba yalipanuka, na mikono mingi ikatakiwa kwa wakati mmoja. Vijana walisimama mstari mmoja, bega kwa bega. Wapigaji wa ngoma wakasimama mbele yao. Majembe yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Katikati ya pigo na pigo, fundi alilirusha jembe hewani, akalizungusha mpini, akalidaka, na kulishusha palepale zamu yake ilipofika. Nyuma ya mstari matuta yalizaliwa.

Hebu tulitazame pigo moja la jembe kama mhakiki wa ushairi atazamavyo mizani. Pigo lina sehemu tatu: kupanda, kuteremka na kukoma. Kupanda ni kazi ya mchezaji. Kuteremka ni kazi ya mchezaji pamoja na uzito wa chuma. Kukoma je? Kukoma ni kazi ya udongo. Udongo ndio usemao, Basi. Na kila udongo husema kwa sauti yake. Katika luseni jembe huingia na kutoka upesi, na mpigaji wa ngoma aweza kuharakisha mapigo. Katika mbuga iliyolowa udongo hung'ang'ania bapa la jembe, na hakuna ngoma iwezayo kuliamuru jembe lililonata. Mpigaji hana budi kungoja, na kungoja kwake huwa sehemu ya muziki. Kwa hiyo mwendo wa bugobogobo haukutungwa na binadamu peke yake. Ulitungwa na watu wawili, ikiwa nina ruhusa ya kuuita udongo mtu, na yule wa pili hakupata kuandikwa jina lake katika daftari letu lolote.

Sasa tuifuate ngoma hiyo hadi mjini. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, serikali ya Tanganyika iliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, na ngoma za makabila mbalimbali zikakusanywa na kufundishwa ili ziwe mali ya wote. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, kimeendelea na kazi hiyo hata leo chini ya jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Silaumu hata kidogo nia hiyo. Pasipo nia hiyo kijana wa Mtwara asingaliijua bugobogobo, wala kijana wa Bariadi asingaliijua sindimba. Lakini nimepata kuitazama bugobogobo katika ukumbi mmoja wenye sakafu ya saruji, nami nikaona jambo ambalo tangu siku hiyo haliniondoki moyoni. Majembe yalipanda vizuri sana. Yaliteremka kwa nguvu. Kisha yakakoma hewani, kiasi cha shubiri moja juu ya sakafu, kwa maana yangalishuka zaidi yangalivunja saruji au kuvunjika yenyewe.

Mtu aweza kusema kwamba shubiri moja si kitu. Mimi nasema kwamba ngoma nzima imo ndani ya shubiri hiyo. Katika shamba udongo hulizuia jembe. Katika ukumbi mchezaji hulizuia mwenyewe. Misuli iliyokuwa ikitoa nguvu sasa inaishika nguvu hiyo hiyo isitoke. Mgongo uliokuwa ukijilegeza pigo lilipofika ardhini sasa hukaza wakati huohuo. Hivyo mwili unafanya kinyume cha ulichokuwa ukifanya, ingawa kwa macho ya mtu akaaye mbali umbo ni lile lile. Kilichokuwa mazungumzo kimekuwa kujizuia. Wala kujizuia si jambo dogo. Ni ufundi mkubwa na watu wamepata sifa kwao. Lakini si ufundi wa kulima, na mchezaji asemaye kwa tabasamu lake kwamba analima anatuambia jambo ambalo mikono yake inalikanusha.

Kutoka katika jembe twende kwa nyoka, maana ngoma ya pili itaeleza ya kwanza. Miongoni mwa vyama vya zamani vya Wasukuma kimo chama cha Wayeye, watu wa nyoka. Hans Cory, aliyekuwa mchunguzi wa mila katika serikali ya wakati huo, aliandika juu ya chama hiki katika mwaka 1946, na kutoka kwake na kwa wengine twajua kwamba kazi ya Wayeye haikuwa mchezo tu. Walikuwa wakiwatafuta nyoka na kuwakamata, walijua dawa za sumu, na mwanachama mpya alifundishwa na kuchanjwa kabla ya kuruhusiwa kumshika nyoka mbele ya watu. Vivyo hivyo walikuwapo Wanunguli, wawindaji wa nungu, ambao waliingia mashimoni wakitambaa kumfuata mnyama huyo mharibifu wa mashamba, kisha wakaucheza uwindaji huo uwanjani. Ngoma za vyama hivi zilitoka moja kwa moja katika kazi, na kazi hizo zilikuwa na hatari.

Mtazame mcheza chatu. Chatu hana sumu, lakini ana nguvu za kuukaza mwili wa mtu hata pumzi ikakatika. Damu ya nyoka hufuata joto la mahali alipo: asubuhi ya baridi ni mzito na mlegevu, jua likipanda huchangamka. Basi saa ya kucheza ni sehemu ya ngoma, na mchezaji asiyejua saa hajui ngoma. Tena nyoka hana masikio ya nje kama yetu. Mtikisiko wa ardhi humfikia kwa mwili. Wakati watu wasikiapo ngoma hewani, yeye huipata kwa tumbo lake lililolala chini. Kwa maneno mengine, mchezaji na nyoka husikiliza ngoma moja kwa njia mbili, na ardhi iko katikati yao. Na juu ya yote hayo, nyoka hajui kwamba anaigiza. Hakupewa zamu, hakufanya mazoezi ya kukariri, wala hana haja ya makofi. Kila afanyacho ni kweli, na ukweli huo humlazimisha mchezaji naye awe mkweli: akijidai hana hofu ilhali mkono watetemeka, nyoka hujua kabla ya watazamaji.

Hapa twaweza kuweka kipimo cha uhakiki. Tuseme mtu amemng'oa nyoka meno, au amemlegeza kwa baridi hata asiweze kujikunja, kisha akamvaa shingoni na kuzunguka uwanja. Watoto watapiga kelele na fedha zitatupwa. Lakini mtu huyo amefanya jambo lile lile lililofanywa na sakafu ya saruji: ameuondoa uwezo wa mwenziwe kukataa. Kilichobaki ni umbo la hatari bila hatari, kama vile kule ukumbini palibaki umbo la kulima bila shamba. Narudia: sanaa hii inaishi pale ambapo maumbile yaweza kusema hapana. Pale yasipoweza, mwili wa mchezaji unazungumza peke yake, na mazungumzo ya mtu mmoja huchosha upesi.

Si vibaya tukiangalia jinsi mataifa mengine yalivyolishughulikia jambo hili, kwa maana katika karne ya ishirini wasanii kadhaa wa Ulaya na Marekani waliacha rangi na turubai wakautumia mwili wenyewe kuwa kazi yao ya sanaa. Katika mwaka 1974 Mjerumani Joseph Beuys alisafiri hadi New York, akafunikwa blanketi zito la sufu, akachukuliwa kwa gari la wagonjwa hadi katika ukumbi wa maonyesho, na humo akakaa siku 3 pamoja na coyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu. Mnyama alilirarua blanketi, akazunguka, akalala, akamzoea kidogo. Kisha Beuys akarudishwa kwa njia ileile, bila kuikanyaga ardhi ya Marekani nje ya ukumbi. Naye Ana Mendieta, mwanamke mzaliwa wa Kuba, kati ya mwaka 1973 na 1980 alifanya mfululizo wa kazi katika Iowa na Meksiko, akiuchora umbo la mwili wake katika matope, majani, mchanga na moto, kisha akauacha ufutwe na hali ya hewa. Kilichobaki hasa ni picha na filamu.

Sisemi haya ili tujigambe kwamba sisi tulitangulia. Majigambo ya namna hiyo hayamsaidii mwanafunzi. Nasema ili tuone tofauti. Beuys alimkubali mnyama awe na uhuru wa kukataa, na kwa jambo hilo angelielewana na Wayeye. Lakini aliikwepa ardhi, nao waliitegemea. Mendieta aliupa udongo mwili wake wote, na kwa jambo hilo angelielewana na walimaji. Lakini alama aliyoiacha ilifutwa na mvua, na alama ya mlimaji mvua huiotesha. Tena wote wawili walikuja kama watu binafsi wenye swali lao. Mcheza jembe wa Bariadi hakuja na swali. Alikuja na njaa ya nyumba yake, na deni la kazi kwa jirani yake, na hamu ya kusifiwa. Swali lilikuwamo ndani ya kazi, ndiyo maana halikuonekana kwetu sisi tuliozoea kutafuta maswali katika maneno.

Walakini haki yataka nilete upande wa pili wa shauri, nisije nikamdanganya msomaji kwamba shamba ni safi na ukumbi ni mchafu. Katika Usukuma kuna mashindano makubwa ya ngoma kati ya pande mbili, Wagika na Wagalu. Jadi yasimulia kwamba pande hizi zilianzishwa na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, kuanzia karibu na mwezi wa Juni hadi Agosti, vikundi vya pande hizi hukutana, kila kimoja upande wake wa uwanja, na ushindi huhesabiwa kwa wingi wa watu. Upande uliovuta umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda. Kwa ajili hiyo manju wa kila upande hutafuta kila mwaka jambo jipya: wimbo mkali, dawa ya mvuto, vinyago vya mbao vyenye viungo vya kuchezeka, na wanyama pia, chatu au fisi. Mashindano ya namna hii yaliingizwa hata katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, iliyoanza katika miaka ya 1950 pamoja na maandamano ya Ekaristi, chini ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada.

Basi twaona kwamba kupenda macho ya watu si ugonjwa ulioletwa na jukwaa la mji. Umo katika ngoma tangu zamani. Manju amletaye fisi uwanjani hamleti ili azungumze na maumbile. Amleta ili upande wa pili ubaki mtupu. Hata hivyo nadhani mashindano haya hayakiuki kanuni niliyoitaja, bali yaithibitisha kwa njia nyingine. Umati nao, katika uwanja wa Bariadi, una tabia ya maumbile: huja kama mvua na huenda kama mvua, hauamriwi, haujalipa kiti, na hakuna mlango wa kuuzuia. Mtu aliyesimama upande wa Wagalu ahama kwa Wagika kwa hatua ishirini tu. Mchezaji anaona kwa macho yake mwenyewe kwamba anakataliwa. Katika ukumbi wa mji mtazamaji amekwisha kulipa, naye hupiga makofi hata akiwa amechoka, kwa adabu. Adabu hiyo imeua ngoma nyingi kuliko saruji.

Katika habari za mashindano hayo hakuna jina linalotajwa zaidi ya Ng'wanamalundi, aliyeitwa pia Igulu Bugomola, manju aliyeishi zama za Wajerumani hata wakamkamata. Masimulizi yasema kwamba alipounyosha mkono kuuelekea mti, mti ulikauka. Wengi hulisimulia jambo hili kama ajabu ya uchawi, nao wachache hulicheka. Mimi naliona kama ndoto ya sanaa tunayoijadili, tena ndoto ya kutisha. Hapa mwili wa mchezaji hauzungumzi tena na maumbile, unayaamuru. Mti hauna nafasi ya kukataa. Na ni ajabu jinsi masimulizi haya yalivyokaa katika nchi ambayo miti yake ilikauka kweli kweli, si kwa kidole bali kwa shoka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwahimiza maelfu ya watu wa Usukuma kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye pamba na ng'ombe vikaongeza haja ya ardhi, na kuni zikaongeza haja ya miti. Yale yaliyosimuliwa kuhusu mtu mmoja yalitendwa na mikono ya wote. Sijui masimulizi yaliyo na onyo kubwa zaidi kwa wasikilizaji wake.

Lakini watu walewale waliofyeka walikuwa na desturi nyingine, nayo ni ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, isilishwe, ili majani yawepo wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulizichukua pia Bariadi, Maswa na Meatu, na desturi hiyo ya wenyeji ikafanywa msingi wa kuirudisha miti. Pengine msomaji atauliza ngitili yahusianaje na ngoma. Inahusiana kwa wigashe. Wigashe ni ngoma ichezwayo kwa kukaa, na jina lake latokana na neno la Kisukuma la kukaa. Wachezaji huketi, huimba, huyumbisha viwiliwili na mikono pamoja, na miguu iliyozoea kuipiga ardhi hupumzika juu yake. Baada ya bugobogobo inayoichimba ardhi, hii ni ngoma inayoiacha. Sitaki kudai kwamba wigashe ilizaliwa na ngitili. Sina hoja ya kudai hivyo. Nasema tu kwamba watu waliojua kuifunga ardhi ipumzike walijua pia kuufunga mwili utulie, na kwamba katika mambo yote mawili utulivu ulihesabiwa kuwa kazi.

Sasa yabaki mashaka makubwa kuliko yote, na mwanafunzi wa leo ana haki ya kuyauliza. Mashamba mengi ya Simiyu hulimwa kwa plau ikokotwayo na ng'ombe, na mengine kwa trekta. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, katika miaka ya 2018, 2019 na 2020, na si ajabu siku hizi, katika sherehe kama hizo, kuona jembe la mkono likirushwa hewani hatua chache tu kutoka mashine zilizokuja kulistaafisha. Nyoka na fisi nao wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu hana ruhusa ya kuwakamata au kuwafuga apendavyo. Ikiwa jembe limeondoka shambani na mnyama amerudi porini, je, kanuni yangu si kanuni ya kuzizika ngoma hizi?

Siioni hivyo. Kanuni hii haimtaki mchezaji arudi kwa nguvu katika mwaka 1950, wala haimtaki avunje sheria. Yamtaka atafute ni kitu gani leo chaweza kumkataa, akiweke ndani ya ngoma yake badala ya kukificha. Kikundi kichezacho ukumbini chaweza kuleta udongo halisi na kuukubali uwe mgumu au mwepesi. Chaweza pia kuicheza ile shubiri moja yenyewe: kuonyesha waziwazi jembe likikoma hewani, mgongo ukikaza, mtu akitafuta ardhi asiyoipata. Huo ungekuwa mchezo wa kweli juu ya maisha ya vijana wengi waliotoka Simiyu kwenda mijini. Na mcheza nyoka asiye na nyoka aweza kuucheza utupu ulio mkononi mwake kwa uangalifu uleule, hata mtazamaji akaogopa kitu asichokiona. Lisilofaa ni kutabasamu juu ya saruji kana kwamba hakuna kilichopungua. Mchezaji atabasamuye hivyo ameacha kuyaheshimu maumbile, na punde ataacha kuuheshimu mwili wake.

Kwetu sisi wahakiki na wanafunzi, shauri langu ni dogo na la kazi. Tuendapo Bariadi, au Meatu, au Itilima kuandika ngoma, tusiandike maneno ya wimbo peke yake. Tuandike ilikuwa saa ngapi, na jua lilikuwa wapi. Tuandike jina la udongo kwa Kisukuma. Tuandike jembe lilikuwa na mpini wa urefu gani, na nani aliyetuambia kwamba umati umehama. Tumwulize mpigaji wa ngoma alipongoja alikuwa akingoja nini. Majibu yake yatakuwa mafupi, na yumkini atatucheka kwa kuuliza jambo ambalo kila mtoto alijua. Tuyaandike hata hivyo, na upesi, maana wale waliolima kwa ngoma wamezeeka, na udongo walioujua kwa mikono yao hautatueleza habari zake kwa Kiswahili.